Kusoma na kuandika visitengane darasa la kwanza

Mtaala ulioanza kutumika Tanzania mwaka 2015 kwa darasa la kwanza na la pili uliipa KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, uzito inaostahili. Lakini ratiba ikagawa: Kusoma kipindi chake, Kuandika kipindi chake. Ndiyo maana unaweza kukuta watoto asubuhi wanasoma ba, be, bi, kisha baadaye wananakili mstari wa herufi nyingine kabisa.

Mimi naona vifundishwe pamoja tangu wiki ya kwanza, na sababu kubwa ni Kiswahili chenyewe. Tunaandika tunavyotamka. Mtoto aliyezishika irabu tano pamoja na b na t anasoma "bata", na papo hapo anaweza kuandika "tabu", neno ambalo hajaonyeshwa popote.

Kaa nyuma ya darasa wakati wa kuitikia. Mwalimu anagusa ubao kwa fimbo, watoto wanapaza sauti: "ba!" Wa dawati la mwisho anaitikia barabara, macho yako dirishani. Amekariri wimbo. Mpe chaki aandike "bibi". Akiandika "bb", umejua hapo hapo kwamba irabu bado hazisikii. Akiandika "gombe" badala ya "ng'ombe", umejua sauti ipi inampiga chenga. Kuitikia kungemficha hadi mwisho wa mwaka.

Wanaotaka kusoma kutangulie wana hoja, na iliyo nzito zaidi ni mkono. Mtoto ambaye hakupita darasa la awali, vidole vyake havijazoea penseli. G moja inamla dakika nzima. Tukimsubiri mkono ukomae, anachelewa kusoma bila kosa lake. Halafu kuna madarasa ya watoto mia na zaidi: madaftari mia ya kusahihisha, na kipindi ni kifupi. Mwalimu anayekwepa kuandika hapo si mvivu, amezidiwa.

Ila ukiitazama vizuri, hoja hiyo ni ya mwandiko. Kuchora herufi ikae kwenye mstari ni kazi moja. Kugeuza sauti kuwa herufi ni kazi nyingine, na hii haihitaji penseli. Vizibo vya soda vilivyoandikwa herufi vinatosha, au vipande vya boksi, au kidole mchangani. Mtoto anapanga m, e, z, a juu ya dawati, anasoma alichopanga, anabadilisha z kuwa t, anasoma tena. Mwalimu anapita kati ya madawati na kuona makosa bila kubeba daftari hata moja. Mwandiko uendelee taratibu pembeni, kwa kasi ya mkono wa kila mtoto.

Kwa Kiingereza msimamo wangu unalegea. Huko herufi moja ina sauti kadhaa na nyingine hazitamkwi kabisa, kwa hiyo mtoto anayeandika anachosikia atakosea mara nyingi. Kwenye kipindi hicho ningeanza na kusikiliza na kuzungumza, kuandika kuje baadaye.