Siku Bendera Ilipotua Kwenye Pilau

Ule moshi mweupe unaofuata ndege za maonyesho hautoki kwenye kitu kinachoungua. Ni mafuta meupe ya madini, mepesi, ukoo mmoja na yale wanayopakwa watoto wachanga. Yanapuliziwa ndani ya bomba la ekzosi, ambamo gesi ya injini iliyokazwa, yaani iliyotiwa nguvu nyingi, hufika nyuzi 700 za Selsiasi na zaidi. Humo yanageuka mvuke mara moja, na mvuke ukitoka nje ukakutana na hewa baridi unakuwa matone madogo mno. Ukungu, basi. Red Arrows, timu ya maonyesho ya jeshi la anga la Uingereza, ambao wapo tangu 1964, hupuliza dizeli nyuma ya injini ya jeti na huichanganya na rangi wakitaka mistari ya rangi. Kila ndege yao hubeba moshi wa dakika saba tu: tano mweupe, moja mwekundu, moja wa buluu. Wana kikosi kizima cha kuchanganya na kujaza. Siku hiyo, kwenye maonyesho ya ndege nje ya Nairobi, sisi upande wa kiraia tulikuwa na dumu, faneli na shemeji wa rubani.

Jambo la kushika hapa ni moja: mafuta hayo yanataka joto. Injini ikilegezwa, bomba linapoa, na mafuta yakiingia humo hayageuki chochote. Yanatuama. Ndiyo maana rubani hukaza injini kwanza ndipo abonyeze swichi ya moshi, na huizima kabla ya kulegeza.

Ndege yenyewe ilikuwa nyekundu, ya mabawa ya ghorofa, juu na chini, yaliyovikwa kitambaa. Injini silinda sita, nguvu za farasi 260. Tangi la mafuta ya moshi, lita 19, lilifungwa kwenye kiti cha mbele. Pampu yake hutoa kama lita nne kwa dakika, kwa hiyo tangi zima halifiki dakika tano wakati onyesho ni dakika kumi. Rubani analazimika kubana: anawasha kwenye duara la kusimama, anazima kwenye kugeuka, anawasha tena akija chini mbele ya watu. Baada ya pampu kuna valvu ya njia moja, kijidude cha shaba chenye springi na kigololi. Kiti kiko juu, ekzosi iko chini ya tumbo la ndege. Pampu ikizimwa, kinachozuia mafuta yasijiteremkie yenyewe ni hicho kigololi peke yake.

Uwanja ulikuwa nje kidogo ya Nairobi, kimo karibu sawa na uwanja wa ndege wa Wilson, ambao uko futi 5,546 juu ya bahari. Ilikuwa Februari, alfajiri baridi ya nyuzi 13, mchana 27. Kwa joto hilo na kimo hicho, injini inavuta hewa nyepesi kama iliyoko futi 8,300 siku ya kawaida, na inapoteza karibu robo ya nguvu zake. Angani rubani anajua la kufanya: anaanza duara juu zaidi na kwa mwendo mkubwa zaidi. Chini, kwenye nyasi zenye mwinuko, hana ujanja ila kukaza injini ili ndege isogee. Huo mwinuko tutaurudia.

Saa mbili asubuhi kulikuwa na kikao cha marubani. Sheria ni ileile dunia nzima: asiyehudhuria kikao haruki, hata awe nani. Wanajeshi walifika kabla ya muda, kila mmoja na daftari, wakalinganisha saa zao kwa sekunde. Raia walifika kwenye muda, na mandazi. Ramani ikatandazwa: mstari wa watazamaji, mstari wa maonyesho, maegesho, alama ya X ya kitambaa katikati ya nyasi kwa ajili ya askari wa miavuli. Ratiba nayo ikasomwa. Ndege nyekundu kuanzia saa nane na nusu mchana, itue na kuondoka njiani kufikia 8:42. Askari wanne wa miavuli waruke 8:45 kutoka futi 5,000 juu ya uwanja, wa mwisho akiwa na bendera. Jeti za jeshi saa tisa kamili. Kwenye alama ya X litawashwa kopo la moshi wa chungwa, liwaonyeshe waruka upepo unakoelekea na mahali pa kutua.

Kitu ambacho ramani haikuonyesha ni jiko. Jioni iliyotangulia, Mama Pilau na wasaidizi wake waliona jua litawamaliza, wakahamisha hema la chakula hadi chini ya mgunga mkubwa, nyuma kabisa ya maegesho ya ndege za kiraia. Kivuli kizuri, hewa safi. Hakuna aliyewauliza, nao hawakuwa na sababu ya kutangaza.

Wakati wa kujaza tangi nilikuwa juu ya bawa nimeshika faneli. Mafuta yenye ubaridi wa asubuhi hayana haraka. Yanapita kwenye chujio la faneli kwa matone ya kujivuta. Shemeji mtu akachoka. Akachomoa chujio, akalitia mfukoni, akamimina dumu lote kwa pumzi moja, na kale kapete kekundu ka plastiki kanakobaki shingoni mwa dumu likifunguliwa kakazama tangini. Hakuna aliyekaona. Pampu ndiyo ilikakuta, ikakatafuna, ikakatema upande wa pili.

Onyesho lilikwenda vizuri mno. Kapteni, rubani wetu, alichora mistari minyoofu kama kamba ya mwashi, akapita chali mbele ya watu, mshereheshaji (mwalimu mstaafu mwenye sauti ya kuamsha mochwari) akaishiwa sifa. Ndege ikatua 8:41. Swichi ya moshi imezimwa, pampu imezimwa. Ila kiuzi cha plastiki kilikuwa kimelala kwenye kikalio cha valvu, na kigololi hakikufunga. Kwa dakika mbili nzima, injini ikinguruma pole pole, mafuta yakateremka kimya kimya na kujaa kwenye mabomba.

Halafu ndege ikafika kwenye mwinuko.

Kapteni akageuza mkia kuelekea mgunga, akakaza injini ipande. Mabomba yakapata moto, na mafuta yote yaliyokuwa yametuama yakageuka ukungu kwa mkupuo, huku mengine yakiendelea kuteremka. Mlima mweupe ukatoka chini ya tumbo la ndege, propela ikausukuma nyuma moja kwa moja hadi kwenye hema la chakula. Hema likapotea. Zikabaki sauti za vifuniko na za akina mama wakiitana majina.

Ndege ya aina hii ina gurudumu la mkiani. Ikiwa chini pua yake inaelekea mawinguni na rubani haoni mbele, anatambaa kwa kupinda kushoto na kulia. Nyuma ndiko haoni kabisa. Alichoona ni watu pembeni wanampungia mikono miwili kwa nguvu. Akawapungia.

Vijana wawili wa zimamoto wakachomoka na mitungi. Hapo nikakimbia. Kwa ndege iliyotoa moshi bila moto, mtungi unaofaa ni wa gesi ya kabonidioksidi, ambayo haiachi uchafu. Kilichonitisha ni kuona wamebeba mitungi ya poda, ile ya manjano. Poda hiyo inazima moto kweli, lakini ikigusa chuma cha moto inayeyuka na kung'ang'ania, na ikipata unyevu inaanza kula aluminiamu. Nikapiga kelele: "Si moto! Ni mafuta tu!" Na mtu wa zimamoto akisikia mafuta haulizi yepi. Mtungi wa kwanza ukaisha kwenye injini. Wa pili ukaisha kwenye injini, kwenye bawa la kushoto, na kwenye Kapteni, aliyekuwa ameshazima kila kitu na kusimama kitini kuuliza kuna nini. Akaketi tena, wa manjano kuanzia kofia hadi kifuani.

Huku nyuma, kwenye alama ya X, koplo alikuwa amevuta pini ya kopo la moshi wa chungwa. Kopo likakohoa mara moja, likatoa kipumzi cha rangi ya chai ya maziwa, likafa. Makopo haya yakilala mahali penye unyevu, unga wake hauwaki sawasawa. Akachukua la pili.

Sasa, utaratibu wa kijeshi kuhusu moshi ni wa akili sana. Aliye chini hasemi rangi. Anasema tu amewasha. Aliye juu ndiye anayetaja rangi anayoiona, na wa chini anathibitisha. Hivyo hata mtu mwingine akiwasha moshi wa hila, mnagundua. Redio ilikuwa begani kwa koplo, nasi wote tuliokuwa karibu tulisikia.

"Chini, moshi?"

"Moshi umewashwa."

"Naona moshi mweupe, mwingi. Thibitisha."

Koplo alikuwa amelibana kopo la pili kati ya magoti, anavuta pini kwa mikono miwili. Akajibu alivyoweza: "Ndiyo, ndiyo."

Wakaruka.

Upepo mwepesi ulikuwa umeutandaza ule ukungu juu ya nyasi, na kitambaa cha X kilikuwa chini yake, hakionekani. Watatu wa kwanza, wenye miavuli mitupu, walipofika kama futi 500 waliona mabati ya jiko na matawi ya mgunga, wakavuta kamba upande mmoja na kwenda kutua mbali, mmoja wao ng'ambo ya ua katika shamba la sukumawiki. Mwenye bendera hana uhuru huo. Bendera kubwa inamvuta kama breki, na ili isijikunje, pembe yake ya chini hufungwa mfuko wa uzito. Wa siku hiyo ulikuwa wa mchanga, kilo sita, ukining'inia mita kadhaa chini ya miguu yake. Yeye analenga shina la moshi. Shina la moshi lilikuwa ndege yetu. Alipoiona, akakata kulia kwa nguvu. Mwili ukaikwepa ndege, mfuko ukabembea.

Wakati huo pilau lilikuwa limepaliwa. Kilo 25 za mchele, nyama ya ng'ombe kilo 12, kwenye sufuria la kukodi, na juu ya kifuniko makaa mekundu ya kukaushia wali. Mfuko wa mchanga ulishukia katikati ya kifuniko.

Mlio wake ulisikika hadi kwenye hema la waheshimiwa. Makaa yakaruka pande zote, yakawasha kitambaa cha meza ya matunda na kutoboa mwavuli wa askari sehemu nne, maana nailoni haingoji kuwaka, inayeyuka kwanza. Ikawa sasa moto upo, wa kweli, na mitungi miwili ya zimamoto mitupu. Mama Pilau hakungoja kikao. Alichukua ndoo ya maji ya kuoshea sahani akaimwaga mezani, akachukua ya pili akammwagia askari, ambaye hakuwa anaungua, kisha akafunua sufuria kuangalia hasara.

Mshereheshaji alikuwa mbali na alikuwa anasoma karatasi. "Mabibi na mabwana, tazameni ustadi wa vijana wetu! Amegusa pale pale palipopangwa, si hatua moja mbele, si hatua moja nyuma!" Watu wakapiga makofi. Bendi ikaingia. Jeti zikapita saa tisa kamili, sekunde kwa sekunde, na upande wetu hakuna aliyeinua kichwa.

Kusafisha ndege kulikuwa kazi ya usiku na kesho yake yote. Poda hunyonywa kwanza ikiwa kavu kwa mashine ya kufyonzea vumbi, haimwagiwi maji mapema, ukiharakisha unatengeneza uji wa kula chuma. Kisha maji mengi. Plagi zote 12 nje, magneto mbili, zinazozipa plagi umeme, zifunguliwe, chujio la hewa litupwe, mishono ya kitambaa cha mabawa ipitiwe kwa brashi moja moja. Valvu tulipoifungua, kiuzi chekundu kilikuwepo, kifupi kuliko punje ya mchele. Shemeji akaitazama, akatoa chujio mfukoni, akaliweka mezani bila neno.

Jikoni mambo yalikuwa ya kiutawala zaidi. Majivu yalikuwa yameharibu theluthi ya juu ya pilau. La chini lilikuwa zima na liliiva vizuri ajabu. Waruka wanne walipakuliwa wa kwanza, yule wa sukumawiki akafika na mafungu mawili mkononi ili asije mikono mitupu. Kisha akaja luteni kukusanya vifaa. Mwavuli ukapatikana, bendera ikapatikana. Uzito haukuonekana.

"Mama, shikamoo. Samahani, ule mfuko wa mchanga ni mali ya serikali."

"Marahaba. Na pilau lilikuwa mali ya nani, mwanangu?"

Luteni akatoa daftari. Akaandika mchele, nyama, mkaa, kukodi sufuria, na kifuniko kilichobonyea, huku mama akimsomea bei na kumsahihisha tahajia ya bizari. Akamwomba asaini chini. Mama akasaini, akakunja nakala yake, akaitia kifuani. Mfuko ulibaki pale pale ulipokuwa, chini ya meza yake, umefunikwa khanga, mpaka Jumatano pesa zilipoingia kwenye simu.