Sheria ya tatu ya Newton inasema tumegongana sawa, mi nakataa

Hivi nani alisema fizikia haina upendeleo? Mi kilo 60, tena na nguo zikiwa zimelowa. Kila nikikata kona kwenye korido lazima nikutane na jitu la kilo 100 linatembea huku linasoma simu, paaa, mi huyoo nyuma, lenyewe linaangalia kwanza kama simu iko salama.

Af ukilalamika anatokea msomi anakwambia tulia ndugu yangu, Newton alishasema tangu 1687, nguvu aliyokupiga nayo ndo hiyohiyo uliyompiga nayo. Sibishi, ni kweli. Ila nguvu kuwa sawa ni kitu kimoja, nani anarushwa ni kitu kingine, na hiyo ya pili huwa wanaipita haraka haraka.

Tupige hesabu, maana ndo inayonichoma. Momenta ni masi (kilo zako) mara velositi (mwendo wako), basi, na upande unaoelekea nao unahesabika. Wote tunatembea mita 1.5 kwa sekunde. Mi ninazo 90, yeye 150 (tisini za nini? kilogramu-mita kwa sekunde, maana nguvu ilipewa jina la Newton, nishati ikapewa la Joule, momenta maskini kizio chake mpaka leo hakina jina). Kwa vile tunakutana uso kwa uso, zangu zinatolewa kwenye zake, zinabaki 60, na zote ni za kwake. Tukigandana pale kifua kwa kifua, gawanya kwa kilo 160, tunaondoka na mita 0.375 kwa sekunde. Kuelekea wapi? Anakoenda yeye! Yaani yeye kapunguza mwendo tu, mi nimesimamishwa halafu nikarudishwa kinyumenyume nilikotoka. Velositi yake imebadilika 1.125, yangu 1.875, halafu mnaniambia tumegongana sawa.

Na msiniambie momenta imehifadhiwa, najua, 60 kabla na 60 baada, hongera zake. Nishati je? Kabla tulikuwa na jouli 180 wawili sisi, baada zimebaki 11 na ushee. Hizo karibu 169 zimegeuka joto, mlio na nyama kubonyea, na nikipapasa bega najua kabisa fungu kubwa limewekwa wapi. Mipira ya biliadi inagongana inaachana na karibu nishati yake yote, haina kinyongo. Sisi wa nyama hatuna bahati hiyo.

Bora hata mi sikuzaliwa kwenye sheria za kugongana za Descartes, yule mwanafalsafa Mfaransa. Huyo bwana 1644 aliandika kwamba kidogo kikigonga kikubwa kilichosimama, hata kiwe na mbio gani, kikubwa hakitikisiki kabisa, kidogo ndo kinarudi. Duh. Ikabidi Huygens, mwanasayansi Mholanzi, aje na sheria zilizonyooka, zikachapishwa 1669, angalau tukapata haki ya kumtikisa mtu kidogo.

Usiku nao sipumziki. Nimelala chali, simu iko juu ya uso, usingizi unakuja, vidole vinalegea. Gramu 200 kutoka sentimita 30 inafika puani na mita 2.4 kwa sekunde. Pua haina pa kukimbilia, nyuma yake kuna fuvu, kwa hiyo simu inasimama ndani ya kama sekunde 0.01 na hapo pua inapokea nyutoni karibu 50, kama umewekewa kilo tano kwa kufumba na kufumbua. Ingeangukia mto ingechukua muda mara kumi zaidi kusimama na nguvu ingeshuka sana. Mto uko palepale pembeni ya pua, lakini wapi.

Sasa kwenye korido nimetafuta pa kuponea kwenye hesabu hizohizo. Nikimwona jitu nikasimama wima, ili asigonge mtu anayekuja upande wake, badiliko la velositi yangu linashuka mpaka 0.94, nusu kamili ya lile la kwanza. Kusimama tu kunakupa punguzo la nusu! Na nikigeuka nikatembea mwendo uleule kuelekea anakoenda yeye, linakuwa sifuri, hanigusi kabisa. Kwa hiyo fizikia inachonishauri ni kwamba nikitaka bega langu lipone niwe namfuata huyu bwana kila anakokwenda, na leo nilikuwa nakimbilia choo, kipo upande huu.