Papiloma ya kibofu ikishakatwa, mgonjwa arudi mara ngapi?

Mtu wa kaskazini mwa Uganda akikojoa damu bila maumivu, kwanza hushukiwa kichocho, hasa akitokea Lango, ambako kile cha kibofu kipo. Katika sehemu kubwa ya nchi kichocho kilichoenea ni cha matumbo. Baada ya hapo huja hofu ya saratani. Mara chache sana, kamera ikiingia kibofuni hukuta uvimbe laini wenye kikonyo, kwa kawaida chini ya sentimeta 3, karibu na shingo ya kibofu, na maabara hujibu: papiloma iliyogeukia ndani. Si saratani. Daktari Paschkis aliueleza mwaka 1927, madaktari Potts na Hirst wakaupa jina hilo mwaka 1963.

Ukishakatwa, madaktari hawakubaliani kuhusu kinachofuata. Wapo wanaotaka mgonjwa apigwe kamera kila miezi 3 kama mwenye saratani. Wengine humruhusu aende zake.

Wanaotaka kumfuatilia wana hoja nzito. Wapo wagonjwa waliokutwa na papiloma hii pamoja na saratani ya utando wa kibofu, au waliougua saratani hiyo kabla au baadaye. Isitoshe, saratani yenyewe huweza kuota kwa kuelekea ndani, ikafanana nayo.

Upande wa pili nao unasema kweli. Uvimbe huu ukiondolewa wote, hurudi kwa wagonjwa wachache, chini ya 5 katika kila 100. Kamera nayo si kitu chepesi: inauma, huweza kuleta maambukizi au kujeruhi njia ya mkojo. Anayetoka Gulu kuja Kampala husafiri kilomita 330 hivi, akalipe nauli na malazi, shamba likimngoja. Altrasaundi ni nafuu, lakini huweza kupitwa na uvimbe mdogo, na kibofu kisipojaa haina maana.

Kwa maoni yetu, ubishi huu umeanzia mahali pasipo pake. Kabla ya kuhesabu kamera, tujue jibu la maabara linaaminika kiasi gani, na hilo huamuliwa katika chumba cha upasuaji. Waya wa umeme unaokata uvimbe ukipita kwa moto mkali, kingo za vipande huungua na seli hazisomeki. Ndiyo maana inafaa kitako cha uvimbe kikatwe peke yake, pamoja na msuli kidogo, kiwekwe kwenye chupa yake. Vipande viingie mara moja kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhi vipande, ya asilimia 10, yenye ujazo mara 10 ya vipande, wala si kwenye maji ya chumvi, kwa kuwa humo seli huanza kuoza njiani.

Mwanapatholojia, yaani daktari anayesoma vipande maabara, hutafuta utando wa juu ulio laini na wa kawaida, na chini yake nyuzi za seli zenye unene unaolingana, zinazoshuka bila kuingia msulini, huku seli zinazogawanyika zikiwa chache mno. Kipande kikilazwa upande kabla ya kukatwa, hata nyuzi hizo salama huonekana kana kwamba zinavamia. Nyuzi nene zisizolingana, zenye viini vilivyoharibika umbo, hizo ni dalili za saratani.

Vipande vikiwa safi na jibu likiwa wazi, tunaona kamera moja baada ya miezi 3 au 4 inatosha, na nyingine mwaka ukitimia. Baadaye arudi akiona damu tu. Lakini vipande vikiwa vimeungua, au mgonjwa akiwa aliwahi kuugua saratani ya kibofu, au juu ya uvimbe kukiwa na vidole vidogo vinavyochomoza, afuatiliwe kama mwenye saratani mpaka shaka iondoke. Mvutaji sigara pia asiachwe haraka.

Palipo na shaka, kipande kilichohifadhiwa kwenye nta kipelekwe kwa mwanapatholojia wa pili. Kinasafiri kwa basi bila mgonjwa kuondoka nyumbani, ila kiandikwe namba ya mgonjwa, mahali uvimbe ulipokuwa, ukubwa wake, na kama msuli ulikuwamo.