Stempu Isiyo na Kosa

Nimerudisha vitu vingi vibovu katika umri wangu: redio isiyolia, viatu vya mguu mmoja mmoja, hata jogoo niliyeuziwa kwa jina la kuku. Lakini kurudisha kitu kwa sababu ni kizima, hilo limenikuta mara moja tu, na hadi leo nikipita Jaws Corner, barazani kwetu pa kahawa na bao, kuna watu hawaniiti kwa jina langu.

Mimi fundi saa. Kibanda changu kipo Mlandege, na jicho langu la kulia, lenye kile kioo kidogo cha kubana, ndilo lililosomesha watoto. Nalitaja hili mapema ili mjue kuwa aliyepigwa chenga hapa si kipofu.

Ugonjwa wa stempu nimeurithi kwa marehemu baba mkubwa. Aliniachia albamu iliyotoka uti wa mgongo, kibano kimoja cha kushikia, na neno moja: Zanzidar. "Ukiipata Zanzidar," alikuwa akiniambia, "funga kibanda, nenda Hija."

Kisa chake ni hiki. Zamani barua za Unguja zilikuwa zikiondoka na stempu za India. Posta ya Serikali ya India ilifunguliwa hapa mwaka 1868, ikafungwa mwaka uliofuata, ikafunguliwa tena 1875. Bei zenyewe zilikuwa kwa ana, ana 16 kwa rupia moja. Novemba 1895 posta ikabadilisha wenyewe, na stempu za kwao hawana bado. Wakachukua zile zile za India zenye kichwa cha Malkia Victoria, wakazipeleka kwenye mtambo uliokuwa ukichapa Zanzibar Gazette, wakazigonga neno "Zanzibar" juu yake. Sasa, herufi za kuchapia, zile za madini ya risasi, hupangwa moja moja kwa mkono, tena zimegeuka kama zinavyoonekana kiooni. Iandike b ndogo kwenye karatasi uipeleke mbele ya kioo, utaona inakuwa nini. Aliyekuwa akipanga siku ile alichanganya, na baadhi ya stempu zikatoka zimeandikwa "Zanzidar". Mwaka uliofuata zikaja stempu rasmi zenye sura ya Seyyid Hamad bin Thuwaini. Mwenyewe akafariki Agosti mwaka huo huo, siku mbili kabla ya vile vita vilivyokwisha kabla chai haijapoa, na watu wakasahau mambo ya herufi. Wakusanyaji hawakusahau. Dunia hii nyengine kabisa: chenye kosa ndicho cha thamani, kilicho sawa kinauzwa kwa mafungu.

Basi usiku mmoja nimelala chali na simu, nazungukazunguka kwenye soko moja la mtandaoni, nikaiona. "Stempu kuukuu, Zanzidar, nusu ana, 1895, hali nzuri." Pauni 45 pamoja na kuletewa. Nilikaa kitako. Mke wangu akauliza kuna mwizi? Nikamwambia lala.

Nikachungulia vitu vingine vya muuzaji yule, yuko huko Uingereza. Birika la chai. Vijiko sita. Mbwa wa kauri, tena wawili. Ramani ya reli. Nikajua hapa mtu anamaliza nyumba ya bibi yake, hajui stempu wala hajui alichonacho. Nilimwonea huruma, wallahi. Huruma ile ile ya paka akimwona panya kapotea njia.

Picha yenyewe ilikuwa na ukungu. Malkia anaonekana, rangi ya kijani inayoelekea buluu inaonekana, maandishi yale ya kugongwa ni kama sisimizi wanne wamelala. Mtu mwenye akili angemwomba muuzaji picha ya karibu. Lakini nikimwomba picha ya karibu si nitamwamsha? Atajiuliza huyu mtu wa Zanzibar anataka kuona nini, aende akaulize kwa wajuzi, na mimi nibaki na albamu ya marehemu. Nikalipa kwa ile kadi ya malipo ya kwenye simu, kama laki moja na nusu za kwetu, fedha niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya bati za jikoni. Za bati nikasema zitarudi na paa zima.

Wiki tano nilikuwa kama mtu aliyeposa. Barua zetu huja kwenye sanduku la skuli anayosomesha mke wangu, basi kila akirudi mchana namwangalia mkoba kabla ya uso. Siku aliyokuja na bahasha, mkono mmoja ameishika na mwengine fungu la dagaa, nikaipokea bahasha nikamwacha na dagaa wake mlangoni. Nikaipasua juu, nikatoa kadibodi, ndani ya kadibodi kijaluba cha plastiki, ndani ya kijaluba Malkia. Bahasha nikaitupa huko.

Nikafunga dirisha upepo usije ukafanya mambo. Nikanawa mikono, nikaifuta kwa taulo, nikashika kibano, nikabana kioo jichoni. Meno ya pembeni yote yapo. Nyuma gundi imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Mbele nywele za Malkia unaweza kuzihesabu. Nikashuka kwenye maandishi, taratibu, herufi moja moja kama mtoto wa chuoni. Z. Hiyo hapo. a. n. z. i. Nikavuta pumzi. Herufi ya sita ina mguu mrefu umesimama, alhamdulillahi, na tumbo lake liko… liko kulia.

Nikageuza stempu juu chini, labda. Nikabadilisha jicho. Tumbo liko kulia. b. B ya babu, b ya bilingani, b ya balaa.

Mke wangu akaja na mikono ya magamba, akainama begani kwangu.

"Imeandikwa Zanzibar," akasema.

"Ndiyo."

"Na sisi tupo Zanzibar."

"Ndiyo."

"Sasa bwana weye unalilia nini?"

Jioni nikafanya kosa la pili, nikaenda nayo barazani. Pale Jaws Corner ukija na jambo lako moja utaondoka nalo limezaa. Mzee mmoja wa bao akavaa miwani, akaitazama, akasema hii nzima kabisa, ulitaka iandikweje? Nikasema Zanzidar. Kimya. Mwenye birika la kahawa akasita kumimina.

"Zanzi-Dar?" akauliza mzee. "Kama boti?"

"Si boti, shekhe. Ni kosa la mwaka 1895."

"Zanzi na Dar, mwaka 1895," akarudia polepole, akawageukia wenzake. "Jamani, kumbe Muungano tulikuwa tunausingizia 1964!"

Kahawa zilimwagika. Kijana mmoja akataka kujua kama kwenye stempu hiyo serikali ni mbili au tatu. Nilijaribu kueleza habari ya herufi za risasi na kioo, hakuna aliyenisikia, na kuanzia usiku ule mie ni Bwana Zanzidar.

Kabla sijaondoka mzee wa bao akanivuta pembeni, sauti ya chini. "Fundi, mkono wako hautetemeki. Tumbo hilo si unalihamisha tu upande wa pili?" Nikamwambia huo ni ughushi, na stempu zetu hizi hasa zimeghushiwa sana, wajuzi wanajua mpaka unene wa wino. Niseme ukweli: usiku ule nilitoa wembe na kalamu ya wino nikaviweka mezani. Nikavitazama. Nikavirudisha.

Kukicha nikafungua fomu ya kurudisha bidhaa. Kanuni ya soko lile ni kwamba kitu kikiwa si kama kilivyoelezwa, muuzaji anarudisha fedha na gharama ya kukirejesha ni yake. Vizuri. Fomu ikaniuliza sababu. Imevunjika? Hapana. Haifanyi kazi? Ilifanya kazi yake zamani. Umebadili nia? Sikubadili, nia yangu iko pale pale. "Haifanani na maelezo." Nikagonga hapo. Fomu ikasema: weka picha ya kasoro.

Nilipiga picha ya b. Nikachora mshale mwekundu kuielekea. Nikaandika: "Tazameni, hakuna kosa hapa."

Siku ya pili akanijia mtu wa huduma kwa wateja, mpole, tukaandikiana. Nakutilieni kwa Kiswahili chetu.

"Pole kwa usumbufu. Kasoro iko wapi kwenye picha?"

"Haipo. Ndiyo malalamiko yangu."

"Bidhaa imeandikwa Zanzibar."

"Ndiyo, kwa usahihi kabisa."

"Kwenye anwani yako tunaona unaishi Zanzibar. Jina la mahali limeandikwa vibaya?"

"Limeandikwa vizuri. Nilitaka lililoandikwa vibaya."

Hapo akakaa kama dakika kumi. Nikadhani kenda kuswali. Aliporudi akaniambia kesi yangu anaipeleka kwa mwenye uzoefu zaidi.

Aliyeikata kesi ni muuzaji mwenyewe. Aliandika barua ndefu ya adabu. Anasema hajui kitu kuhusu stempu, hii aliikuta ndani ya sanduku la vifungo la bibi yake, alisoma neno lililo juu yake akaandika kama alivyoliona. Alitaka kuandika Zanzibar. Zile herufi mbili, moja tumbo huku na moja tumbo kule, zinamponyoka tangu yuko mdogo, na mke wake kwa kawaida humsahihishia lakini siku ile alikuwa amelala.

Nikaisoma mara tatu. Mmoja kachanganya b na d mwaka 1895, akaacha hazina. Huyu kachanganya herufi zile zile, katika neno lile lile, na mimi nikakosa bati za jikoni.

Mwisho wa barua aliuliza: "Kwani ingekuwa na kosa kweli, bei ingepanda?"

Nikamjibu: "Kidogo." Mungu anisamehe. Nyumba ya bibi ile haijamalizwa, huwezi kujua kuna nini kwenye masanduku mengine.

Alikubali kurudisha fedha yote, ila stempu ifike kwanza. Nikaenda posta ya Shangani. Dirishani alikuwepo binti rika la mwanangu, mchangamfu, akanipa shikamoo yangu.

"Ndani mna nini, baba?"

"Stempu."

"Stempu za kubandika nakupa mimi hapa."

"Hizo nitanunua. Hii ni ya ndani."

"Unapeleka stempu kwa posta?"

"Narudisha."

Akanipa ile fomu ndogo ya forodha, CN 22, inayotaka uandike kilichomo na thamani yake. Nikaandika stempu moja, ya 1895. Akaomba aione kabla sijafunga. Nikaiinua kwa kibano, akaisogelea na pumzi ameibana, nikampenda kwa hilo. "Nusu ana," akasoma. "Baba, siku hizi hii haikufikishi hata Chumbe." Watu wa foleni wakacheka. Mama mmoja mwenye kapu akauliza ina ubovu gani. Nikasema haina. "Basi mwachie kijana wa watu fedha yake," akasema, na foleni nzima ikawa upande wake.

Tukaipima. Mizani ikasoma uzito wa kadibodi tu, Malkia hakutingisha hata nukta. Nikalipia rejista, nikatunza risiti.

Ilichukua muda, lakini Ijumaa moja nikiwa nafungua saa ya ukutani simu ikalia: fedha imerudi, na gharama ya rejista juu yake. Nilifunga kibanda mapema nikapita Darajani, nikanunua changu mzima. Nyumbani nikamwambia mke wangu hesabu yote imekaa sawa, laki na nusu ipo, kesho tuandike za bati. Akafurahi kweli, akasema nipe hiyo karatasi yangu hapo juu ya friji, ina orodha ya vitu vya kesho, tuongeze misumari humo humo.

Nikaichukua. Nazi 2. Bamia. Sabuni ya unga. Ndimu. Mwandiko wake, kwenye mgongo wa bahasha iliyopasuliwa juu. Nikaigeuza ili nione kama kuna nafasi zaidi upande wa pili.

Kulikuwa na jina langu, na sanduku la skuli, na chini yake, kwa herufi kubwa za wino wa buluu, mstari peke yake: Zanzidar. Na juu yake mhuri wa posta ya kwao wa duara, na mhuri wa kwetu wa kupokelea, tarehe inasomeka. Barua ilikuja moja kwa moja bila kupotea, kwa sababu watu wa posta wana akili kuliko mimi. Kwa mkusanyaji, bahasha iliyosafiri kweli na kosa lake, na mihuri miwili, hiyo si karatasi.

Nikakaa chini. Nikabana kioo jichoni. d. D ya dagaa.

"Mama watoto," nikasema, sauti nimeituliza, "hii naichukua mimi, nitakuandikia orodha nyengine."

Akasimama kupara samaki. Akaniangalia, akaiangalia bahasha, akanitazama tena kioo kilivyonikaa jichoni.

"Hiyo uliitupa," akasema. "Nimeiokota mimi, ina mwandiko wangu."

"Basi niuzie."

Akafuta kisu kwenye kanga.

"Laki na nusu," akasema. "Na nazi ukanunue weye."