Kafa, Hakufa, na Kahawa Yangu Inapoa

Mie nilikwenda barazani kunywa kahawa, si kusikiliza kesi ya mauaji. Lakini tangu vijana wa mtaa wetu hapa Mji Mkongwe wamalize The Sopranos, hakukaliki. Tamthilia yenyewe imeisha Marekani tangu Juni 2007, baada ya sehemu 86, na huku ndiyo kwanza watu wanashikana mashati.

Mwisho wenyewe ni huu: Tony, bosi wa mafia na ndiye mhusika mkuu, yuko mgahawani na mkewe na mwanawe wa kiume, wanakula pete za vitunguu vya kukaanga. Binti yao yuko nje anahangaika kuegesha gari. Jamaa mmoja kamtupia Tony jicho, kaenda chooni. Mlango unafunguliwa, Tony anainua uso, giza! Kimya. Sekunde kama 10 hivi, halafu majina.

Wamarekani wengi walidhani kebo imekatika. Mie nilidhani umeme. Nikatazama feni, feni inazunguka. (Kwetu giza la ghafla halina falsafa.)

Basi, kijana mmoja anasema Tony kapigwa risasi ya kisogoni, hakusikia mlio. Mwengine anaapa yu hai, anataka aoneshwe maiti. Juzi wamenipokonya kikombe changu na kashata kupanga mgahawa pale barazani: kikombe ndiye Tony, kashata ndiyo mlango wa choo.

"Na kahawa yangu je?"

"Subiri kidogo mzee, tuone risasi ilipita wapi."

Ikapoa. Na mlango wa choo wameula.