Kicheni Pati Ianzie Jikoni

Kamati nyingi za kicheni pati hapa Arusha na Moshi huanza na ukumbi. Baada ya ukumbi inakuja rangi ya sare, halafu MC, keki na mapambo, na kikao kikikaribia kufungwa ndipo mtu anauliza: "Na zawadi je?" Jibu ni lile lile siku zote, kila mtu aje na alichojaliwa. Matokeo yake tunayajua. Biharusi anaingia nyumbani kwake na hotipoti saba na seti nne za glasi, na wiki ya kwanza tu anaazima kisu kwa jirani.

Msimamo wangu ni kwamba utaratibu huu ugeuzwe juu chini. Sherehe hii jina lake ni jiko, basi kikao cha kwanza kiongelee jiko, na ukumbi ungoje. Na jiko haliongelewi kwa kukisia. Kabla ya kadi moja ya mchango kutoka, wajumbe wawili waende na biharusi mtarajiwa kwenye nyumba atakayohamia, wakiwa na futi kamba na daftari. Wapime upana wa mlango, kwa sababu friji isiyopita mlangoni itakaa sebuleni au itarudi dukani. Wapime meza au kaunta: jiko la gesi la plate mbili linataka nafasi ya sentimita 70 hivi, na pembeni ibaki sehemu ya kukatia mboga. Waangalie kama bomba la maji liko ndani au uani, dirisha linafunguka upande gani, na mwenye nyumba anaruhusu nini.

Wahesabu soketi pia. Plagi yetu ya kawaida ni ya ampea 13, na kwa umeme wa volti 230 hiyo ni kama wati 3,000 tu. Birika la umeme peke yake linaweza kula 2,000. Ukilichomeka kwenye ekstensheni moja na ovena ya wati 1,500, ekstensheni inachemka, plastiki inaanza kunuka, na siku moja inaungua. Jiko lenye soketi moja halihitaji vifaa vitano vya umeme. Linahitaji kimoja kizuri, na hela iliyobaki iende kwenye gesi.

Kwenye gesi naomba kamati zitulie, kwa sababu hapa ndipo tunapokosea zaidi. Mtungi wa kilo 6 unapendwa kwa kuwa bei yake inavumilika na jiko lake linafungwa palepale juu ya mtungi. Kwa kuchemsha chai na kukaanga mayai hauna shida. Lakini songa ugali wa watu wanne juu yake uone: mkono mmoja umeshika sufuria, mwingine unakandamiza mwiko, na kila ukikandamiza mtungi unayumba. Ndiyo maana watu wenye mtungi mdogo huteremsha sufuria sakafuni ili wasonge, ugali unapoa kabla haujaiva. Kama mchango unaruhusu, nunueni mtungi wa kilo 15 na jiko la plate mbili lenye miguu ya mpira. Serikali imeweka Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Sioni mahali pazuri pa kuanzia kuliko nyumba mpya ambayo bado haina masizi ukutani.

Mtungi, rekuleta (kile kifaa cha kudhibiti gesi kinachofungwa kichwani mwa mtungi), mpira na jiko vinunuliwe siku moja, duka moja, na muuzaji avifunge mbele yenu. Vichwa vya mitungi havifanani, na rekuleta ya huyu haiingii kwa yule. Kamati inayogawa kazi hii kwa watu watatu, mmoja mtungi, mwingine jiko, mwingine rekuleta, mara nyingi hupeleka vitu visivyokubaliana. Mpira uwe wa gesi hasa, si wa maji, na uwe mrefu kiasi cha mita moja na nusu ili mtungi usikae chini ya moto. Ncha zote mbili zifungwe kwa vibano vya chuma, si kwa waya. Kisha chukueni maji yenye povu la sabuni, pakeni kwenye kila kiungo, fungueni gesi bila kuwasha jiko, na mtazame. Mapovu yakikua, gesi inavuja. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala sakafuni, kwa hiyo kadirisha kadogo kalikopakana na dari hakasaidii sana. Mlango ufunguliwe, na mtungi usifungiwe kabatini. Usimame wima daima. Ukilazwa, gesi ikiwa bado kimiminika inaingia kwenye mpira na moto unaruka.

Jambo la pili ni la watu wa huku kwetu milimani, na ushauri unaotoka Dar es Salaam hauligusi. Arusha mjini iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kwa kimo hicho maji yanachemka kwenye nyuzijoto kama 95, hayafiki 100. Moshi iko chini zaidi, maji yanachemka kwenye 97 hivi. Nyuzi tano zinaonekana ndogo, lakini maharage yanazisikia. Yanakaa jikoni muda mrefu, kuni au gesi inaisha, na mpishi anayechoka kungoja anatia magadi.

Magadi yanalainisha maharage kweli, wala siwalaumu bibi zetu waliopikia kiburu cha ndizi na maharage na makande. Ila yana gharama zake. Yanaua vitamini B1 iliyomo kwenye maharage, yanakula sufuria ya alumini mpaka inakuwa nyeusi ndani, na magadi mengi ya ukanda huu yamebeba floraidi, madini ambayo yakizidi huharibu meno. Kwa watu wa kuzunguka Mlima Meru, ambao maji ya baadhi ya chemchemi na visima vyao tayari yana floraidi nyingi, ni kuongeza mzigo juu ya mzigo. Meno ya kahawia tunayoyaona kwa watoto chanzo chake ni floraidi hiyo.

Kwa hiyo zawadi ambayo ningeitanguliza hata mbele ya friji ni sufuria ya presha ya lita 5 au 6, ya kuwekwa juu ya gesi au ya umeme. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha yanaiva humo kwa nusu saa au pungufu, bila magadi. Makande yanataka zaidi, kutegemea mahindi yamekauka kiasi gani. Anayeitoa amfundishe biharusi mambo matatu. Maharage na maji yake yasipite nusu ya sufuria, maana povu na maganda huziba tundu la kutolea mvuke. Tundu hilo likaguliwe kila kabla ya kupika, ulitazame kwenye mwanga uone upande wa pili. Na kifuniko kisilazimishwe kamwe. Presha ikiisha kitafunguka bila kutumia nguvu. Aongeze na mpira wa akiba wa kifuniko, kwa sababu mpira ndio unaochoka kwanza, na sufuria nyingi za presha zilizorundikwa uvunguni zimekosa mpira tu.

Kwa upande wa maji ya kunywa, kamati iulize majirani wa nyumba mpya na mamlaka ya maji kuhusu maji ya eneo hilo. Kuchemsha kunaua vijidudu lakini hakuondoi floraidi. Maji yakipungua kwa kuchemka, floraidi iliyobaki inazidi kukolea. Chujio la kawaida la mshumaa wa udongo nalo haliiondoi. Mojawapo ya njia zinazofanya kazi ni mkaa wa mifupa, na wenyewe lazima ubadilishwe ukishachoka. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Maji yakiwa na shida hiyo, ndoo mbili za lita 20 zenye vifuniko za kuhifadhia maji ya mvua au ya chanzo salama zina maana kuliko chujio la bei kubwa lililonunuliwa kwa sababu linang'aa.

Vyombo vingine ni rahisi, ila viwe na hesabu. Watu wawili wanatosheka na masufuria manne: ya lita 2 ya chai na uji, ya lita 3 ya mboga, ya lita 5 ya wali na ugali, na ya lita 10 ya siku wakwe wakija. Hiyo ya ugali na mtori iwe nzito kitako. Sufuria nyembamba unaijua kwa kubonyeza kitako kwa kidole gumba: kikicheza, wali utashika chini na ndizi za mtori zitanukia moshi. Mwiko mnene mmoja, mwembamba mmoja, upawa, kikaango, visu viwili na jiwe la kunolea, mbao mbili za kukatia ili nyama mbichi isikutane na kachumbari, ungo, chujio la chai, kinu kidogo cha tangawizi na vitunguu saumu. Sahani sita, bakuli sita, vikombe sita. Seti za vipande 72 zinazokaa kabatini miaka kumi zikingoja wageni naziona ni hela iliyolala.

Orodha hii igawiwe kwa makundi. Shangazi na mama wakubwa wachukue kitu kimoja kikubwa kwa pamoja, wenzake wa kazini kingine, jumuiya au kwaya kingine, kikoba chao kingine, na majirani wachukue vidogovidogo. Itumwe kwenye kundi la WhatsApp ikiwa na jina mbele ya kila kitu, na anayekichukua akifute papo hapo. Wapo wanaoona ni aibu kumwambia mtu mzima alete nini. Mimi naona aibu ni kumwachia mama aliyejinyima akanunua hotipoti ya nane.

Hela nayo inataka nidhamu. Tuseme wageni ni 60 na ahadi ni shilingi 30,000 kila mmoja, jumla 1,800,000. Usipange kwa hiyo. Panga kana kwamba wanaolipa ni 40, yaani 1,200,000, na mweka hazina atenge asilimia 60, ambayo ni 720,000, kwa ajili ya jiko kabla hata shilingi moja haijaenda kwenye mapambo. Vitu vikubwa vinunuliwe kwa hela iliyokwisha kuingia, si kwa ahadi. Ahadi zikiingia baadaye zitaongeza nyama.

Sare ndiyo inayoua michango, na hili nalisema kwa uchungu. Kitenge cha yadi sita na ufundi vinamaliza hela ambayo mtu angeitoa kwa biharusi, na anayekosa sare anaona bora asije kabisa. Kilemba cha rangi moja kinatosha picha zikapendeza. Na ukumbi je? Watu 60 wanaenea uani kwa mtu chini ya turubai, mradi msiangukie masika ya Machi hadi Mei. Msipange Desemba kama mna hiari, maana watu wamerudi nyumbani kula Krismasi, kumbi zimejaa na bei zimepanda. Kwaresma nayo familia nyingi huku hazifanyi harusi, kwa hiyo wiki za baada ya Pasaka zinagombewa.

Chakula cha watu 60: mchele kilo 8, nyama kilo 12 pamoja na mifupa, mikungu miwili ya ndizi kwa ajili ya machalari (ndizi zilizopikwa na nyama), kreti tatu za soda ambazo ni chupa 72. Kinatosha, na wachache watarudia.

Mafunzo ndiyo roho ya siku hiyo, na yamepwaya. Zamani aliyetoa chombo alikishika mbele ya watu akamweleza mwali kazi yake, na maneno ya nyumba yakapitia humo humo kwenye mwiko na chungu. Siku hizi MC anapokea, anatikisa boksi, muziki unapigwa, inayofuata. Rudisheni utaratibu ule. Boksi lifunguliwe, sufuria ya presha ifungwe na kufunguliwa mbele ya watu, gesi ipakwe povu hapo hapo, kisu kinolewe. Nusu saa inatosha, na wanawake waliokaa kwenye viti watajifunza nao. Somo, yaani kungwi wa biharusi, akishamaliza ya chumbani, haya ya jikoni yasiachwe.

Kufungua maboksi kuna faida nyingine. Glasi iliyovunjika au jiko lisilo na kitasa linaonekana siku hiyo, risiti ikiwa bado mkononi. Risiti zote zikusanywe kwenye bahasha moja na kadi za waranti. Waranti inaanza kuhesabiwa siku ya kununua, kwa hiyo friji iliyonunuliwa miezi mitatu kabla ya harusi imeshakula miezi mitatu ikiwa bado kwenye boksi. Inunuliwe mwisho, pamoja na kifaa cha kuilinda umeme unapopanda na kushuka.

Na siku ya kuhamisha, friji ipande kirikuu ikiwa imesimama na kufungwa kamba. Ikilazimika kulazwa, isiwashwe ikifika; isimamishwe mpaka kesho yake, mafuta yarudi kwenye kompresa. Wale wajumbe wawili wa mwanzo, wenye futi kamba, waende nayo. Wafunge gesi, wapake povu tena kwa kuwa viungo hulegea njiani, na wasiondoke mpaka chai ya kwanza ichemke.