Bei iliyokatwa mstari

Kwa mwaka mmoja na ushei kazi yangu ilikuwa kuandika maneno chini ya picha za magauni. Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja, kioo kirefu, taa ya duara ya kupigia picha, na stoo ndogo nyuma ya pazia ambayo mteja haruhusiwi kuchungulia. Mwenye duka ana jicho la nguo kwelikweli. Akiingia Kariakoo alfajiri, saa nne haijafika ameshajua mzigo upi utatoka na upi utalala. Yeye alikuwa na jicho, mimi nina simu.

Siku ya kwanza niliposti gauni la kijani la mikono mipana, nikaandika: "Gauni jipya, saizi zote zipo, 35,000." Bosi akasoma, akacheka, akanirudishia simu. "Andika sitini na tano kwanza. Halafu ikate mstari. Halafu ndiyo uweke hiyo thelathini na tano yako." Nikamuuliza kama liliwahi kuuzwa sitini na tano. Hakunijibu, alinitazama tu kama mtoto aliyeuliza swali mbele ya wageni. Gauni lile tulilichukua juzi yake, kwa jumla, elfu kumi na nne.

Mpaka saa tatu usiku yalikuwa yametoka tisa.

Najua utaniambia biashara ni maneno. Nakubali, tena mimi ni mtu wa kupatana bei, huniambii kitu. Ukishuka Msimbazi ukakunja mtaa wa Kongo, bei ya kwanza unayotajiwa si bei, ni salamu. Anasema hamsini, unasema kumi na tano. Anashika kichwa, anamwita mwenzake aje asikie maajabu. Unaanza kuondoka, polepole, maana ukienda haraka hatakuita. "Dada, njoo basi tuongee." Na winga aliyekutoa barabarani mpaka pale dukani ana cha juu chake, unajua anacho, naye anajua unajua. Hamsini ile ni uongo ambao haumdanganyi mtu, labda mgeni aliyeshuka basi leo. Na hata huyo, duka la pili liko hatua tatu. Akivuka kizingiti tu ameshajua alikuwa anapigwa.

Bei iliyokatwa mstari ni kitu kingine. Inamwambia mteja kwamba mapatano yameshafanyika, hakuwepo, na yeye ndiye aliyeshinda. Hana wa kubishana naye. Anashukuru, anatuma hela kwenye lipa namba, anasubiri bodaboda.

Nilikuja kulielewa hili vizuri kwa mteja mmoja, mwalimu wa shule ya msingi. Alinunua lile la kijani avae kwenye send-off ya mdogo wake. Wiki kadhaa baadaye akanitumia ujumbe wa sauti. Hakugomba. Nyuma yake watoto walikuwa wanaimba jedwali la kuzidisha. "Mdogo wangu, mimi sidai hela yangu. Nataka uniambie tu, gauni la elfu sitini na tano linaachiaje kwapani kwa kufuliwa mara mbili?"

Niliusikiliza ujumbe ule mara nyingi kuliko inavyofaa. Dada wa watu alilipa 35,000, lakini nguo anayoilalamikia ni ya 65,000. Kwake ile 35,000 ilikuwa hela tu iliyotoka mfukoni. 65,000 ndilo gauni alilonunua. Mimi siku zote nilidhani uongo wetu uko kwenye punguzo. Kumbe namba ile ilikuwa inasema habari za kitambaa, za uzi, za mkono wa fundi. Mtu ananunua kupitia picha, hawezi kuivuta nguo akaona inavyonyumbuka, hawezi kugeuza ndani akakagua mshono. Kilichobaki cha kupimia ubora ni bei. Na kipimo chenyewe nilikitunga mimi, nimekaa kwenye stuli ya plastiki, nakunywa soda.

Bosi aliniambia nimtumie kopakopa na nimwambie alete, fundi wetu atamshonea bure. Nikatuma. Hakuja.

Kulikuwa na mengine. "Zimebaki tatu tu, wahi!" niliiandika siku ambayo nyuma ya pazia kuna katoni mbili hazijafunguliwa, na mguu wangu mmoja umeegemea juu ya moja. "Ofa inaisha saa sita usiku" ilikuwa inaisha kila siku saa sita usiku, wiki nzima. Hayo kila mtu anayajua, sitapoteza wino.

Ila "bei njoo DM", yaani uulize bei kwa ujumbe wa faragha, nina neno nayo. Wauzaji husema wanaficha bei ili washindani wasiione. Huo ni ukweli nusu. Nusu ya pili ni kwamba mtu akija DM, unafungua kwanza akaunti yake ndipo unajibu. Anaishi wapi, amepiga picha wapi, amevaa nini, nani kamfuata. Siku moja wanawake wawili waliulizia pochi ile ile, ndani ya saa moja. Wa kwanza picha yake yuko uwanja wa ndege, ameshika pasipoti. Wa pili amempakata mtoto, nyuma kuna pazia la kitenge. Wa kwanza aliambiwa themanini, wa pili hamsini na tano.

Mwanzoni nilijifariji kwamba hiyo ni haki ya aina yake: mwenye nacho amchangie asiye nacho. Mpaka nilipokumbuka kwamba hamsini na tano ndiyo ilikuwa bei tangu asubuhi. Hakuna aliyepunguziwa, yupo aliyeongezewa. Tena aliyekuwa anaongezewa zaidi si tajiri hasa. Ni mpole. Anayeandika "Habari dada, samahani, naomba kujua bei tafadhali" huyo alikuwa anapewa kubwa, maana mtu wa namna hiyo hapatani, anaona aibu. Anayeandika "Bei?" bila salamu, huyo mwogope, huyo ni wa Kariakoo. Adabu ya mtu tukaigeuza alama ya kumkamulia. Hili ndilo linalonikera mpaka leo kuliko magauni yote, na wala halijaandikwa popote kwamba ni kosa.

Usidhani ni tabia ya vijiduka vya Dar peke yake. Julai 2025 mamlaka ya Ufaransa inayolinda walaji iliitoza Shein, lile duka kubwa la nguo la mtandaoni, faini ya euro milioni 40. Wakaguzi walipitia ofa za kati ya Oktoba 2022 na Agosti 2023 na kuzilinganisha na bei zilizokuwepo kabla. Asilimia 57 ya ofa hazikuwa na punguzo lolote. Asilimia 19 zilikuwa na punguzo dogo kuliko lililotangazwa. Na asilimia 11, hapa nilicheka peke yangu kwenye daladala, bei ilikuwa imepanda. Kampuni ikaikubali faini.

Wenzetu wa Ulaya wameiwekea jambo hili kanuni nyepesi ambayo hata bibi yangu angeielewa: tangu Mei 2022, ukitangaza punguzo lazima utaje bei ya chini kabisa uliyouzia kitu hicho katika siku 30 zilizotangulia. Lipeleke gauni letu la kijani kwenye kanuni hiyo. Ofa yote inayeyuka, kinabaki kitambaa.

Na sisi sheria tunayo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ile iliyoanzisha Tume ya Ushindani, inakataza kumpotosha mlaji. Tume tunaisikia zaidi inapokamata na kuteketeza bidhaa bandia, na hilo ni jema. Lakini nani ataacha kazi zake, apande gari mpaka ofisini kwa watu, akashitaki tofauti ya elfu thelathini iliyochorwa mstari? Mwalimu yule hata hela yake hakuidai.

Sasa kuna kisa cha Marekani kinachoniharibia hoja yangu, na sitaki kukificha. Mwishoni mwa 2011, Ron Johnson, mtu aliyekuwa anasimamia maduka ya Apple, alikabidhiwa kampuni ya JCPenney, maduka makubwa ya nguo na vitu vya nyumbani. Alikuta bei zinapandishwa ili zishushwe, kuponi juu ya kuponi, ofa kila wiki. Februari 2012 akafuta mchezo wote. Bei zikashushwa kwa karibu asilimia 40 mara moja, zikaandikwa bei halisi, basi. Mteja akiingia anajua.

Wateja wakakimbia. Mauzo ya mwaka ule yakaanguka kwa asilimia 25, hasara ikakaribia dola bilioni moja, na Aprili 2013 Johnson akaondolewa. Kuponi zikarudishwa.

Bosi nilipomsimulia alipiga makofi. "Unaona? Watu wenyewe wanataka." Na kwa kweli ukisoma kisa hicho haraka, ndivyo kinavyosema: mtu hataki bei ndogo, anataka kushinda. Nimekaa nacho muda mrefu, na nadhani bosi wangu kaielewa nusu. Ndiyo, watu wanataka kushinda. Mama yangu akirudi sokoni haanzi kukuonyesha alichonunua, anaanza na walivyobishana. Lakini Mmarekani wa leo akiingia duka kubwa hana wa kubishana naye. Bei imegandishwa, muuza duka hana mamlaka nayo. Kuponi ndiyo imebaki badala ya yale mabishano. Sisi mchezo wenyewe tunao, hai, kila siku, kuanzia Karume mpaka Mwenge. Tunaagiza picha yake ya nini?

Pale Karume kuna mama wa mitumba nanunua kwake mashati. Juzi nilishika suruali moja ya kitani, akaninyang'anya kabla sijaisifia, akainyoosha kwenye mwanga. "Hapa pana tundu, umeliona? Usije ukasema sikukwambia." Halafu akanitajia elfu ishirini, bila haya, suruali ina tundu. Tukaanza. Nimeichukua kwa saba. Alinidanganya kwenye bei na akaniambia kweli kwenye nguo, na nikiwa naondoka sikuhisi nimeibiwa chochote. Kwetu dukani ilikuwa kinyume: bei haibishaniwi, na tundu utalikuta mwenyewe nyumbani.

Sisemi punguzo ni dhambi. Mzigo hulala. Magauni ya sikukuu yakivuka Idi au Krismasi yanakuwa yanakula nafasi, bora yatoke kwa hasara kuliko yafubae kwenye henga. Ukimwambia mtu "lilikuwa hamsini mwezi uliopita, sasa nataka nafasi, chukua thelathini", na kweli lilikuwa hamsini, hapo mstari wako ni halali, uchore hata kwa kalamu nyekundu. Tofauti ni kwamba kuna mtu aliyewahi kulipa ile bei ya juu, hata mmoja.

Nilikuja kumwomba bosi tujaribu mwezi mmoja bila mistari. Akakataa kwa upole. Ana kodi ya fremu ya miezi sita, anailipa mbele. Ana watoto wawili shule. Na jirani yake kwenye korido ile ile anauza gauni lile lile, kakata 80,000. "Nikiandika kweli peke yangu, mimi ndiye nitaonekana nauza bei mbaya." Sikuwa na jibu, na bado sina zuri. Anayesema kweli katikati ya waongo anaonekana ghali, kwa sababu thelathini na tano isiyo na mstari, kando ya thelathini na tano iliyotoka themanini, ni kama nguo mbili tofauti. Ndiyo maana naona hili haliwezi kuachiwa dhamira ya mwenye duka mmoja mmoja. Ile kanuni ya siku 30 ingemsaidia yeye kabla ya kumsaidia mteja.

Tuliachana vizuri. Sasa nauza mwenyewe, kidogo kidogo, magauni kumi na tano au ishirini kwa mzigo. Kila gauni nalipiga picha mbili: moja limevaliwa, nyingine limegeuzwa nje ndani ili mshono uonekane. Ile picha ya pili haina mvuto wowote, naambiwa inaharibu muonekano wa akaunti. Bei naiandika juu ya picha, namba kubwa.

Jumapili iliyopita niliposti gauni la bluu. Juu ya picha, kwa herufi ambazo hata asiye na miwani anaziona: 32,000. Dakika mbili hazijapita, maoni ya kwanza: "Bei?"

Nikajibu: "32,000 dada angu, ipo hapo kwenye picha."

"Nimeiona. Mwisho ngapi?"

"Mwisho thelathini."

Ile elfu mbili niliiweka kwa ajili yake.